Maua Yaliyoshuka Hadi Barabarani

Mke mwenzangu Melania,

Kiatu chako cha kulia kimekataa kuingia kwa sababu barua hii imo ndani. Nimeikunja mara nne nikaisukuma hadi kwenye vidole. Najua ningeiacha mezani ungeipita, kama unavyonipita mimi tangu mwezi uliopita, "Shikamoo bibi", halafu mgongo. Lakini pekupeku hadi Lundo kwa baba yako hutakwenda. Kaa kwenye kigoda, soma. Baba yako hafiki na gari kabla jua halijatoka.

Usicheke mwandiko. Shule sikuiona, unajua. Haya niliyonayo niliyapata kwenye kisomo cha ngumbaro pale parokiani. Wenzangu walipoweza kuandika majina yao waliridhika wakarudi mashambani, mimi nikaendelea kwa ubishi tu. Karatasi nimezichana kwenye daftari lako la darasa la saba, kurasa zilizobaki wazi. Leo ni siku ya nne naandika. Kila ukitoka kwenda kuaga watu, mimi nachomoa kalamu. Umeaga kijiji kizima, mpaka yule mama mwenye bata ambaye miaka yote ulikuwa humpendi. Mimi bado.

Mambo ya kukaa kwa watu sitakuandikia. Kuamka, kufua, kusalimu wakubwa, hayo unayo. Ugali wa muhogo shangazi zako watakufundisha kuusonga. Nina neno moja tu, na naliweka hapahapa juu, usije ukachoka na mwandiko wangu kabla hujalifikia.

Siyo babu yako aliyesema umekufa. Ni mimi.

Soma tena kama unataka. Nimeliandika kwa herufi kubwa kadiri nilivyoweza.

Siku ile baba yako alipokuja na wazee wake, tukaketi uani, akauliza, "Nani alimwambia mjomba wangu kwamba mtoto amekufa pamoja na mama yake?" Mjomba mwenyewe amekwisha kufa, asingeweza kuulizwa. Nikakuangalia. Ulikuwa umesimama mlangoni umeshika fremu kwa mikono miwili. Nikaona siwezi. Nikasema, "Marehemu mume wangu." Mtu amelala udongoni miaka minne, atainuka akatae? Wazee wakashusha pumzi, mmoja akasema, "Basi, marehemu tumwache apumzike," wakaomba maji ya kunywa. Nikapona.

Jioni ile nikakuona unatoa koti la babu yako msumarini. Koti lako la shambani, la baridi, la kuchumia kahawa, ulilokuwa ukigombana na kila mtu akiligusa. Ukaenda ukalitupa juu ya kuni. Mimi nikawa napepeta maharage ambayo yalikuwa yamekwisha pepetwa.

Sasa nikueleze, maana mama yako unamjua kwa kaburi tu.

Otilia alikuwa msichana wa kucheka hovyo. Kanisani, msibani, popote. Nilimpiga kwa ajili ya kicheko kile, haikusaidia. Alipokuwa na umri kama wako alianza kushuka ziwani na wanawake wenzake, wanabeba maharage na mahindi kichwani, wanarudi na usipa, dagaa wa kule. Siku hizo kusafirisha mahindi kulitaka kibali na vizuizi vilikuwa barabarani, kwa hiyo walipita njia za miguu, wanashuka milima siku nzima. Alikuwa anakaa huko siku tatu. Zikawa wiki. Zikawa wiki mbili. Mwisho akarudi na tumbo, na fundo kwenye pindo la khanga.

Tumbo sikuliuliza, lilikuwa linajieleza. Nikauliza fundo.

"Mbegu za maua, mama. Za uani kwa mama yake Samweli."

"Nani huyo Samweli?"

Akacheka. "Kule hakuna anayeyapanda maua haya. Yakikauka yanajirusha, mvua ikija yanaota yenyewe."

Nikamwambia, "Kama watu wao, wanavyojiotea kwa mabinti wa wenzao."

Hapo hakucheka.

Mvua za kwanza akazimwaga mbele ya nyumba, pale unapoanikia kahawa. Zikaota. Wewe maua hayo unayajua, mekundu na meupe, shina lake limejaa maji, na vile vifuko vya mbegu ukivigusa tu, tap, vinapasuka na kukurukia. Sisi hatukuwa nayo hapa Mapera. Sisi uwanja ulikuwa wa kufagiliwa mpaka udongo mtupu. Mwanamke mwenye majani mbele ya nyumba alisemwa kisimani. Nami nilisemwa. "Mama Otilia siku hizi analima ziwa," walisema. Nilikasirika na kisima kizima, lakini aliyekuwa karibu nami ni mama yako.

Mwezi wa pili baba yako akaja kujitambulisha. Alikuja na mjomba wake, wamebeba samaki wakavu wamefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Kijana mrefu, mpole, viatu ameazima, alikuwa anatembea kama amekanyaga moto. Nikawapokea nimesimama. Nikasema, "Binti yangu ataishi mchangani? Atalima nini, mawimbi?" Mjomba mtu akajibu, "Mama, hata sisi tumejiuliza hivyohivyo. Binti aliyezoea mashimo ya mlimani, huku kwetu tambarare si ataanguka?" Alikuwa anatania kwa heshima ili niketi. Babu yako akacheka. Mama yako ndani akacheka, nikamsikia. Kile kicheko chao wote, mimi nimesimama peke yangu na hasira yangu, ndicho kilichoniharibu. Nikachukua ule mzigo wa samaki nikautupa njiani. Nikasema nyumba hii haiozeshi mabinti kwa Waanglikana wala kwa walaji wa mihogo. Baba yako alivua viatu akavishika mkononi, akashuka.

Mbwa wa jirani walishiba siku mbili.

Ukisikia watu wanasema ilikuwa mambo ya dini, au ya kabila, usiwape kichwa. Padri mwenyewe aliniita akaniambia lingezungumzika. Ilikuwa mimi kutaka mtoto wangu abaki. Ningejua kusema, "Otilia, usiniache", ningesema hivyo. Sikujua. Nilijua kufukuza watu.

Mwezi wa tatu tukaanza ngolo, mashimo yetu ya kulimia mlimani, kama hivi sasa. Unajua kazi yenyewe, mwanamume anafyeka majani na kuyalaza miraba miraba, mwanamke anafukia kwa udongo wa katikati, shimo linabaki. Mwaka ule majani yalikuwa haba. Nikashuka uwanjani nikang'oa maua yote ya mama yako, kumbatio zima, nimpelekee babu yako ayalaze na majani mengine. Yalikuwa yamekwisha komaa. Vifuko vikanipasukia mikononi, usoni, ndani ya kitambaa cha kichwa. Mama yako alikuwa amekaa kizingitini, mzito, miguu imevimba. Akaniangalia. Nilidhani atalia.

Akasema, "Mama, unayapanda hayo."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Unayapanda mlima mzima, mama!"

Sikumsikia akicheka tena. Wiki ya pili yake ukazaliwa wewe, alfajiri, na damu yake ikakataa kusimama. Mvua ilikuwa kubwa, njia haipitiki. Hayo ya siku ile siwezi kuyaandika, kalamu hainipi. Nakwambia tu kwamba alikushika. Wewe umeshikwa na mama yako. Kabla hajaondoka alikupa kidole chake ukakikamata, akasema una mikono ya kuvuta nyavu.

Msiba haujaisha, mjomba wa baba yako akapanda tena. Baba yako alikuwa kambini kwa wavuvi wenzake, na nadhani aliogopa uso wangu, na alikuwa na haki. Nikamwona mzee anakuja, nikamkimbilia kule chini barabarani asifike nyumbani. Babu yako nilimwambia, "Ingia ndani na mtoto, asilie." Alikaa na wewe kitandani, amekutia kidole chake mdomoni ukawa unanyonya. Hivyo ndivyo alivyoshiriki. Mimi nikasimama barabarani nikasema, "Amekwenda. Na mtoto amekwenda naye."

Mzee yule alivua kofia, akaketi kwenye majani yenye maji, akalia. Mtu wa kwanza kukulilia wewe katika dunia hii ni yeye, na alilia kwa uongo wangu. Nikamwangalia mpaka akamaliza. Nikapanda mlima nikakuchukua, ukatapika maziwa ya mbuzi kifuani kwangu, nikasema moyoni, huyu ni wangu.

Nilikuwa nimepoteza mmoja. Wa pili sikuwa tayari kumtoa. Hiyo ndiyo sababu yote, Melania, hakuna nyingine iliyojificha nyuma yake. Wewe nilikuambia baba yako alikufa maji, ili nawe usimtafute. Nilizima pande zote mbili.

Babu yako alisema mara moja tu. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. "Mama Otilia, mtoto huyu ana watu." Nikamwambia, "Fungua mdomo wako uone. Nitambeba, nitaondoka naye, hutamwona tena." Akainama akaendelea kupukuchua. Watu wanasema alikuwa mpole. Hakuwa mpole, aliogopa kukukosa. Alikuwa ameshaanza kukuita mke wake mdogo, na kukuimbia zile nyimbo zake zisizo na mwisho. Nikajua pa kumshika, nikamshika hapo miaka kumi na minne.

Mwaka wa tatu tukageuza ngolo zile. Maua yakaota. Kila mahali, katikati ya maharage, mama yako alikuwa amesema kweli. Maotea ya mahindi nayajua, ya viazi nayajua, ukisahau punje udongo unakukumbusha. Lakini haya yalinitia hofu. Nikayang'oa. Yakirudi, nang'oa. Siku ya Marehemu Wote, watu wanakwenda kusafisha makaburi, mimi lile la mama yako nalilima mpaka linang'aa, maana na pale yalikuwa yanajitokeza, mvua imeanza tu, majani mawili mawili. Ulikuwa na miaka sita. Ulishika mpini wa jembe langu.

"Bibi, yamekukosea nini?"

"Yanakula chakula cha udongo."

"Kwani mama anakula udongo?"

Nilikupiga kofi. Unakumbuka? Mimi nakumbuka.

Mche ukiwa na majani mawili huwezi kuujua, yote yanafanana, subiri la tatu. Hilo nimelijua uzeeni. Mimi niling'oa mapema mno, mimea na watu. Nisingekuwa na haraka ile, baba yako angekuwa ameketi kwenye kigoda hiki, ananitania kuhusu mashimo yetu, nami namtania kuhusu mihogo yake, na mama yako, sijui. Labda angekufa vilevile. Lakini angekufa ameolewa, na amecheka zaidi.

Na bado maua yalikuwa yanarudi. Nikashangaa, mbona nang'oa yote? Babu yako nikamwuliza, akasema, "Udongo una mambo." Siku za Jumapili baada ya misa akawa anashuka barabarani peke yake. Nikadhani anafuata pombe. Nikamgombeza kwa pombe ambayo hakunywa, mbele ya majirani, na yeye anakubali, "Ndiyo, mama Otilia, nimekosa."

Halafu ikaja ruksa ya biashara, mitumba ikafika mpaka mnadani kwetu, naye akanunua lile koti jekundu lenye vifungo vikubwa. Hakujua ni la kike. Watoto wakamwita mama wa Kizungu, akawa anawapigia saluti. Alilivaa mpaka amekufa, ukalirithi wewe.

Juma hili nilikwenda kulitoa kwenye kuni. Nilitaka kulifua tu, nisione aibu. Nikaingiza mkono mfukoni, mfuko umetoboka, mkono ukapita mpaka ndani ya bitana. Nikakuta mbegu, Melania. Chini kabisa kwenye pindo, zimekauka, na maganda ya vile vifuko yamejikunja kama kucha. Wewe umelivaa miaka minne ukazibeba bila kujua. Nikaketi palepale jikoni.

Mimi na wewe tulipolaza majani wenyewe mwaka ule alipokufa, maua yalipungua shambani. Sasa nimeelewa. Alikuwa ananificha miche, analaza yenye mbegu juu juu nisizizike sana. Na zile Jumapili, alikuwa anakwenda kuzimwaga kando ya barabara, kwenye mtaro, kutoka mlimani kwetu mpaka inakopanda njia ya ziwani. Nilimkataza maneno. Maua sikumkataza.

Kama alikusudia yafike wapi, sijui. Huenda alitaka tu yawepo. Lakini wewe mwenyewe ulinieleza siku ile. Baba yako alikuwa amepanda na usipa wake kuuza sokoni kwetu, kama wanavyopanda wengi siku hizi hakuna wa kuwazuia. Akaona kando ya barabara maua ya uani kwa mama yake. Akayafuata. Mtu mzima, ameacha mzigo wake kwa wenzake, anafuata maua mtaroni, anapanda, mpaka akakukuta unafagia. Akakuuliza, "Nani kayapanda haya?" Ukamwambia, "Hakuna, yanaota yenyewe, bibi anayang'oa yanarudi." Akauliza mama yako ni nani, ukamtajia Otilia. Ukanijia ndani unakimbia, "Bibi, kuna mgeni amekaa chini kwenye vumbi, nampa kigoda hataki."

Nikajua kabla sijatoka.

Kwa hiyo mtu niliyemsingizia ndiye aliyekurudisha kwa baba yako. Na nilimsingizia mbele yako kwa sababu nilitaka unipende juma moja zaidi. Hata hilo juma sikulipata, ulitukasirikia wote wawili, yeye kwa kusema na mimi kwa kukaa naye.

Baba yako nitamwambia mwenyewe. Nimemwita katekista aje Jumapili ijayo anisindikize hadi Lundo, wazee wale waitwe tena, nilitengue neno langu walilolisikia. Kama magoti yatagoma, nitabebwa. Sikuambii ili unisifu. Nakuambia usije ukashangaa kuniona natokea mchangani kwenu, bibi wa mashimoni, nimeshika fimbo. Siku hiyo ukitaka kujificha, jifiche. Nikimaliza kusema nitarudi, sitalala kwenu nisipokaribishwa.

Msamaha sikuombi. Nimekula miaka yako na baba yako, haitapikiki. Nilikupenda, na kwa kupenda huko nikakuibia, na yote mawili ni kweli, usiruhusu mtu akuchagulie moja. Ukizaa, usimfanye mtoto wako kuwa fidia ya mtu mwingine. Mimi nilikubebesha mama yako tangu hujajua kutembea. Ulipocheka nilikuwa nakutazama kama vile naangalia dirishani nione nani anapita. Ulikuwa wewe. Melania. Nimekuona vizuri juma hili, ulivyokuwa unakunja nguo zako, umekaza mdomo, una hasira ya haki. Hiyo hasira ni ya kwako, haifanani na ya mtu yeyote, isipokuwa kidogo na ya kwangu. Pole.

Kesho sitashuka barabarani. Nikishuka nitakushika, na nikikushika gari litaondoka bila wewe, najijua. Nitakuwa juu shambani tangu alfajiri, nafukia majani. Mwaka huu nayalaza mwenyewe, na maua nayalaza juu juu, kama alivyofanya yeye. Kutoka kule barabara yote inaonekana mpaka inapokata kona kwenda ziwani.

Koti nimelifua. Limekauka vizuri, nimelirudisha msumarini kwake, karibu na mlango. Mbegu nimezirudisha kwenye bitana. Tundu la mfuko sikulishona.

Asubuhi kuna baridi kule barabarani. Uso wako sitauona, macho yangu yamechoka. Lakini jekundu naliona bado.

Ni mimi bibi yako, niliyekuzika ukiwa hai na kukulea kwa mikono hiyohiyo,

Imelda